SIKUKUU YA BULABO

1. Nchi na watu wake

Upande wa kusini wa ziwa Viktoria iko nchi ya Usukuma. Ni nchi ya tambarare na vilima vya mawe, na mawe yenyewe ni makubwa mno, mengine yamepandana moja juu ya jingine kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Mji wake mkubwa ni Mwanza, uliojengwa ufukoni mwa ziwa. Wenyeji ni Wasukuma, kabila lenye watu wengi kuliko makabila yote ya Tanzania. Maana ya jina lao ni watu wa kaskazini, kwani ndivyo walivyoitwa na jirani zao Wanyamwezi wakaao upande wa kusini.

Wasukuma ni wakulima na wafugaji. Hulima mtama, mahindi, mpunga, mihogo, viazi vitamu na pamba, na hufuga ng'ombe wengi. Wale wakaao karibu na ziwa ni wavuvi pia. Watu hawa wanasifiwa kwa bidii yao ya kazi, lakini wanasifiwa vile vile kwa ngoma zao. Mtu asiyewajua huenda akadhani kwamba mambo haya mawili yanapingana, kwamba apendaye ngoma hapendi jembe. Usukumani sivyo ilivyo. Ngoma na jembe hukaa nyumba moja, kama itakavyoonekana hapa chini.

Kila mwaka, yapata mwezi wa Juni, makundi ya wachezaji hutoka vijiji vya mbali na karibu, wakafanya safari kwenda mahali paitwapo Bujora. Mtu atokaye Mwanza kwa njia ya Musoma hufika Kisesa baada ya mwendo wa kilometa 20 hivi, na Bujora iko karibu na hapo, juu ya kilima. Huko ndiko ifanyikako sikukuu ya Bulabo.

2. Maana ya jina na asili ya sikukuu

Katika lugha ya Kisukuma neno bulabo maana yake ni maua. Jina hili lilitokana na sikukuu ya Kanisa Katoliki iitwayo Ekaristi Takatifu, yaani sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Siku hiyo Wakristo hutembea kwa maandamano, wakiibeba Sakramenti kwa heshima, na njia hupambwa kwa maua. Basi watu wa Usukuma, walipoyaona maua hayo, waliiita siku yenyewe Bulabo.

Sikukuu hii haina tarehe moja. Huhesabiwa kutoka Pasaka, na kwa hesabu ya zamani huangukia siku ya Alhamisi, siku 60 baada ya Jumapili ya Pasaka. Kwa sababu hiyo haiwezi kuja kabla ya tarehe 21 Mei wala baada ya tarehe 24 Juni, ingawa mahali pengi siku hizi huadhimishwa Jumapili ifuatayo.

Wakati huu unawafaa sana Wasukuma. Masika imekwisha, mavuno mengi yamekwisha kuingia ghalani, na mashamba hayadai kazi nyingi. Njia zimekauka, na uwanja hauna tope. Tangu zamani, kabla ya Wakristo kufika, miezi hii ya kiangazi ndiyo iliyokuwa miezi ya kucheza ngoma. Kwa hiyo sikukuu ya Kanisa na majira ya ngoma zilikutana katika kalenda, zikawa kama mito miwili iliyoungana ikaingia ziwani kwa mdomo mmoja.

Walakini hazikuungana zenyewe. Walihitajiwa watu wa kuziunganisha, na jambo hilo halikuwa jepesi.

3. Padre aliyejifunza kwa wenyeji

Mapadre Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi wamezoea kuwaita White Fathers, walifika upande wa kusini wa ziwa mwaka 1878, na mwaka 1883 walijenga misioni Bukumbi, si mbali na Mwanza. Katika miaka ile ya kwanza wamisionari wengi, wa makanisa mbalimbali, waliziogopa ngoma. Waliona kwamba wachezaji hutumia hirizi na dawa, kwamba pombe hunywewa kwa wingi, na kwamba ngoma huendelea usiku kucha hata watoto wakaacha masomo. Kwa hiyo mahali pengi Mkristo alikatazwa kwenda ngomani. Kijana aliyependa kusoma na kupenda ngoma pia alijiona amesimama njia panda: akifuata hii, ataipoteza ile.

Katika miaka ya 1950 parokia ya Bujora ilipata padre jina lake David Clement, mtu wa Quebec katika nchi ya Kanada. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Padre huyu alitazama jambo hili kwa njia nyingine. Aliona kwamba katika nyimbo na ngoma za Wasukuma zimo habari za kale, mafundisho ya wazee, sala za kuomba mvua, shukrani za mavuno, na sifa za watu hodari. Kama vitu hivi vyote vingetupwa kwa sababu ya hirizi chache, hasara ingekuwa kubwa kuliko faida. Basi aliketi na wazee, akawauliza, akasikiliza, na pamoja nao akaanza kukusanya nyimbo, hadithi na vyombo vya zamani. Methali husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni huyu alikuja kufundisha, lakini alianza kwa kujifunza.

Kanisa la Bujora linaonyesha mawazo yake. Ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya mtemi. Altare yake imefanana na kiti cha mtemi. Mahali pa kuwekea Sakramenti pamefanywa kama nyumba ya Kisukuma, na mlangoni pana ngao na mikuki iliyopishana. Maana yake ni rahisi kwa kila Msukuma kuielewa: hapa ndipo akaapo Mfalme. Na ngoma, ambazo zamani zilisimama nje ya mlango, zilipewa nafasi katika sifa za Mungu. Baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokutana tangu mwaka 1962 mpaka 1965, uliruhusu Wakatoliki wa dunia nzima kusali kwa lugha zao na kutumia muziki wa nchi zao katika ibada.

4. Wagika na Wagalu

Moyo wa sikukuu ya Bulabo ni mashindano. Wachezaji wa Kisukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, navyo ni Wagika na Wagalu, au kwa Kisukuma Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba vyama hivi vilianza katika karne ya 19. Walikuwako watu wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, wote wawili mafundi wa dawa na wa ngoma. Wakashindana kujua ni nani aliye mkuu. Hawakushika mikuki. Walikubaliana kucheza, kila mmoja na watu wake, wakati mmoja na mahali pamoja, na watazamaji wenyewe wakate shauri kwa miguu yao.

Sheria hiyo ndiyo asili ya mashindano mpaka leo. Makundi mawili huingia katika uwanja mmoja, kila moja upande wake. Yote mawili huanza pamoja. Kwa desturi ya zamani hakuna mwamuzi aliyekaa na kalamu na karatasi. Watu wapendezwao na kundi hili husimama kulizunguka, na wapendezwao na lile hukimbilia kule. Kundi lenye watazamaji wengi zaidi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo mchezaji hucheza huku jicho moja liko kwenye ngoma na jicho jingine liko kwenye watu. Akiona mzunguko wake unapungua, hana budi kutoa jambo jipya upesi.

Kiongozi wa kundi ni manju, yaani mtungaji na mwimbishaji. Manju mwema hujua mambo mengi. Hutunga nyimbo za kusifu na za kuonya, hueleza habari za nchi, huwacheka wavivu na wachoyo, na kumjibu manju wa upande wa pili kwa mafumbo. Hutafuta pia vituko vya kuvuta macho: sanamu za miti zilizochongwa, mavazi ya ajabu, michezo ya nguvu na ya wepesi wa viungo.

Zamani kila upande uliamini kwamba ushindi huletwa na dawa, na hata leo wako wasemao hivyo. Lakini mtu akitazama vizuri ataona kwamba kundi lishindalo ni lile lililojizoeza pamoja miezi mingi, hata miguu 40 ikapiga ardhi kwa kishindo kimoja. Kushinda au kushindwa si jambo dogo, kwani jina la kundi litasemwa vijijini kwa sifa au kwa kicheko mpaka mwaka ujao. Methali yasema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Walakini ushindani wa Wagika na Wagalu umedumu zaidi ya miaka 100, labda kwa sababu kila upande unamhitaji mwenzake. Asiye na mshindani hana sababu ya kujizoeza.

5. Ngoma za kazi

Ngoma nyingi za Wasukuma zilizaliwa kazini. Iliyo mashuhuri kupita zote ni bugobogobo, ngoma ya jembe. Zamani vijana wa kijiji walijiunga wakalima kwa pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Wapiga ngoma walitembea pamoja na mstari wa walimaji, na majembe yakapanda na kushuka kwa mapigo ya ngoma. Mapigo yalipoongezwa mwendo, mikono nayo iliongeza mwendo, na mtu hakuona uchovu upesi kama alimaye peke yake. Uwanjani siku ya Bulabo, wachezaji wa bugobogobo huja na majembe yale yale. Huyatupa hewani, huyazungusha, huyadaka tena, na kuinama pamoja kama watu wanaolima shamba lisiloonekana.

Ngoma ya bununguli ni ya wawindaji wa nungunungu. Mnyama huyu huharibu mihogo na viazi usiku, na mchana hujificha shimoni. Mwindaji alipaswa kuingia shimoni akitambaa, gizani, akikabili miiba. Hii ilikuwa kazi ya watu wenye moyo, na ngoma yao huonyesha ujasiri huo.

Ngoma ya buyeye ni ya mafundi wa nyoka. Hao walijua tabia za nyoka na dawa za kuponya walioumwa. Huja uwanjani na nyoka wakubwa, hasa chatu, wakacheza nao mabegani. Hapo ndipo watazamaji hukimbia kurudi nyuma, kisha wakasogea tena, kwani hofu na hamu huvutana.

Iko na ngoma iitwayo wigashe, ambayo jina lake maana yake ni kuketi. Wachezaji huketi kwa mstari, wakaimba na kuchezesha mikono, vichwa na mabega kwa pamoja. Ni ngoma ya utulivu, na uzuri wake ni sauti na umoja.

6. Chakula cha sikukuu

Sikukuu bila chakula si sikukuu. Chakula cha asili ni ugali wa mtama, ambao rangi yake ni nyekundu au ya kahawia, ukiliwa kwa maziwa ya mgando, kwa nyama, au kwa samaki wa ziwani kama sato na dagaa. Iko na mboga iitwayo nsansa, nayo ni majani ya kunde yaliyokaushwa juani.

Vyakula viwili vyastahili kutajwa zaidi, navyo ni michembe na matobolwa. Vyote viwili hutokana na viazi vitamu. Michembe ni viazi vibichi vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikakauka. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Vikiisha kukauka huweza kuwekwa miezi mingi bila kuharibika. Hapo zamani mvua zilipokosekana, mama mwenye michembe ghalani aliwavusha watoto wake katika njaa. Kwa hiyo mtu alaye michembe siku ya sikukuu anakula pia akili ya bibi zake.

7. Mfano wa nchi nyingine

Desturi ya namna hii haiko Usukumani tu. Katika kisiwa cha Uingereza, upande wa kaskazini, iko nchi ya Skotlandi, nchi ya milima na maziwa na baridi kali. Watu wake wanajulikana pwani ya ziwa Viktoria tangu zamani. Alexander Mackay, fundi na mmisionari aliyezaliwa Skotlandi mwaka 1849, alikaa Uganda miaka mingi, akapiga chapa vitabu na kufundisha ufundi. Alifukuzwa huko, akahamia Usambiro, kusini ya ziwa, na huko alikufa kwa homa mwaka 1890.

Waskoti nao wana koo zao, na kila ukoo una kitambaa chake cha miraba. Wakati wa kiangazi hukusanyika uwanjani, wakashindana kucheza, kurusha mawe mazito na magogo marefu, na kupiga zumari yao. Zumari hiyo ina mfuko wa ngozi. Mpigaji huujaza mfuko pumzi, kisha huukamua kwa mkono wake, na sauti yake kali husikika mbali milimani. Tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa mshairi wao Robert Burns mwaka 1759, hukutana mezani wakasoma mashairi yake na kula chakula kiitwacho haggis. Hiki ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, yaliyokatwakatwa, yakachanganywa na unga wa shayiri na vitunguu, yakapikwa ndani ya tumbo la kondoo yule yule. Kama michembe, kilikuwa chakula cha watu wasiotaka kupoteza kitu, nacho leo kimekuwa chakula cha heshima.

Waskoti walikaribia kupoteza mengi. Mwaka 1746, baada ya vita vya Culloden ambavyo watu wengi wa milimani walishindwa, ilitolewa sheria ya kuwakataza wanaume wa milimani kuvaa mavazi yao ya asili. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1782. Miaka 36 ni mingi. Mtoto aliyezaliwa siku ya sheria alikuwa mtu mzima mwenye watoto siku ilipofutwa, wala hajapata kuvaa vazi la babu yake kwa ruhusa. Mavazi yale yanaonekana leo kwa sababu wako watu waliokataa kusahau, na wengine waliojitahidi kukumbuka.

8. Kazi iliyobaki

Hatari ya kusahau iko Usukumani vile vile, ingawa hakuna sheria inayokataza. Nyimbo nyingi za zamani hazikuandikwa. Zilikaa vichwani mwa manju, na manju akifa bila mwanafunzi, nyimbo zake huzikwa pamoja naye. Watu hulima kwa plau na kwa trekta, na mashine haihitaji mpiga ngoma. Vijana huenda mjini, ambako muziki wa dunia nzima husikika kwa kubonyeza kidole.

Kwa sababu hiyo Bujora pana nyumba ya makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa mwaka 1968. Mna ngoma za watemi, viti vyao, zana za wahunzi na za waganga, mfano wa mji wa Kisukuma, na nyumba ya vyama vya ngoma iliyopambwa kwa ajili ya Wagika na Wagalu. Humo huonyeshwa pia jinsi vikundi vya rika vilivyohesabu moja mpaka kumi kwa maneno yao wenyewe, ili wengine wasiwaelewe.

Kazi ya makumbusho ni kubwa, lakini ina mpaka wake. Ngoma iliyotundikwa ukutani hailii. Jembe lililowekwa kabatini halimfundishi mtu namna ya kulidaka. Mambo hayo hujifunzwa kwa kutazama, kwa kujaribu, na kwa kukosolewa na aliye hodari. Ndiyo sababu Bulabo hufanywa kila mwaka, na ndiyo sababu pembeni mwa kila kundi huonekana watoto wadogo wakiiga miguu ya wakubwa katika vumbi. Wakati mwingine hukosea, na wakubwa huwacheka. Lakini hao ndio watakaoingia uwanjani wakati Wagika na Wagalu wa leo watakapokuwa wazee, waketio kando na kutazama.

MASWALI

1. Neno bulabo lina maana gani, na lilipataje kuwa jina la sikukuu?
2. Kwa nini mwezi wa Juni wafaa kwa ngoma katika nchi ya Usukuma?
3. Wamisionari wa kwanza walikuwa na sababu gani za kuziogopa ngoma? Padre Clement aliona nini zaidi?
4. Eleza jinsi mshindi ajulikanavyo katika mashindano ya Wagika na Wagalu.
5. Michembe na matobolwa hutofautianaje? Taja chakula cha kwenu kinachoweza kuwekwa muda mrefu, ueleze jinsi kinavyotengenezwa.
6. Mwulize mzee mmoja wa kwenu wimbo wa kazi wa zamani. Uandike maneno yake katika daftari, pamoja na kazi iliyofanywa wimbo huo ulipoimbwa.